Karatasi za Mwongozaji: Namna ya Kuzipokea na Kuzihifadhi Ukiwa Lamu

Fundi wa milango akifa hapa Lamu, milango yake hubaki vichochoroni, mpita njia akaigusa na kumtaja. Mshairi hubaki vinywani mwa watu. Mwongozaji wa michezo ya kuigiza hana bahati hiyo. Onyesho lake huisha usiku uleule taa zinapozimwa, na waliolitazama huzeeka nalo. Hata akiwa ametengeneza filamu, filamu hukuonyesha kazi iliyokwisha. Haikwambii alijaribu nini siku kumi kabla, alimkatalia nani, wala kwa nini biharusi aliingia kwa mlango wa kushoto na si wa kulia. Hayo yamo katika karatasi zake: skripti zilizochorwachorwa, madaftari ya mazoezi, barua za kuomba ukumbi, hesabu za nauli ya waigizaji.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alianza na michezo ya shule, akaingia katika maonyesho ya watu wazima, na uzeeni akatengeneza filamu fupi chache. Alipoondoka alituachia masanduku matatu ya bati, vikapu viwili, na kabati lililojaa hadi mlango haufungiki. Ninayoyaandika hapa mengine nimeyasoma, mengine nimewauliza wenye ujuzi, na mengine nimeyajua baada ya kuharibu. Ninamwandikia aliyeachiwa chumba cha namna hiyo, awe Lamu, Shela, Pate au popote penye chumvi hewani, na hajui ashike wapi.

HATUA YA KWANZA: USIPANGE KITU

Hasara kubwa hutokea mwanzoni kabisa, na huletwa na watu wenye mapenzi. Arobaini inakaribia, wageni watalala, chumba kinatakiwa. Jamaa mmoja mwenye bidii anaingia na mfagio.

Kwetu ilikuwa hivyo. Binamu yangu alikaa siku nzima akatenga barua na barua, picha na picha, skripti na skripti. Jioni chumba kilipendeza. Baada ya miezi ndipo nilipofahamu tulichopoteza. Picha moja ya waigizaji watatu wamesimama uani ilikuwa imechomekwa ndani ya skripti, ukurasa ule ule alioutungia msimamo huo. Barua moja fupi ilikuwa ndani ya faili la hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomnyima fedha, na ndiyo iliyomfanya apunguze waigizaji kutoka kumi na wanne hadi tisa. Zikiwa pamoja zilikuwa zinazungumza. Zilipotengwa zikanyamaza, na hakuna aliyekumbuka ipi ilitoka wapi.

Wahifadhi nyaraka duniani kote hushika kanuni mbili. Ya kwanza, karatasi za mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine, hata kama zinazungumzia jambo moja. Ya pili, mpangilio aliouacha mwenyewe ulindwe. Hata fujo yake ina maana mpaka ithibitike kwamba haina.

Basi kabla ya kugusa, piga picha za chumba kizima kwa simu: kuta nne, kila rafu, kila kabati likiwa wazi, juu ya meza, chini ya kitanda. Kisha kipe namba kila chombo. Mimi nilitumia S1, S2, S3 kwa masanduku, V1 na V2 kwa vikapu, K1 hadi K5 kwa rafu za kabati. Andika namba kwenye kipande cha karatasi ukifunge kwa uzi. Usigandishe chochote kwa gundi. Chora ramani ya chumba katika daftari, uonyeshe kila namba ilikuwa wapi. Kazi yote hii ni ya asubuhi moja.

Na kuna jambo la adabu ambalo pia ni la maarifa. Ikiwa mjane yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, nyumba ile ni yake kwanza. Usiingie na masanduku na watu. Mtake idhini, na akikupa, kaa naye umuulize. Mke wa mjomba ndiye aliyejua kwamba kikapu cha ukili kilikuwa cha onyesho lililokatazwa, na kwamba daftari la kijani mjomba alikuwa akilala nalo. Hakuna daftari la orodha lililonifaa kama maneno yake ya siku tatu, nami niliyarekodi kwa ruhusa yake.

HATUA YA PILI: JUA MWENYE MALI NI NANI

Karatasi ni mirathi kama ilivyo shamba. Warithi wote wana sehemu humo, na mmoja wao akimpa mgeni sanduku kwa nia njema, amegawa kisichokuwa chake peke yake. Andikeni makubaliano mafupi: nani amekabidhiwa kuzishughulikia, kwa muda gani, na nani wa kuulizwa. Kila mrithi mtu mzima atie saini. Mkivutana, Mahakama ya Kadhi ipo. Ikiwa marehemu aliacha wasia kwamba vitu vyake viende maktaba fulani, kumbukeni kuwa kwa sheria ya Kiislamu wasia kwa asiyekuwa mrithi hauvuki theluthi ya mali, na thamani ya karatasi hizi huingia katika hesabu.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Karatasi ni kitu kimoja, na haki ya maneno yaliyomo ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya maandishi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Madaftari ya mwongozaji, barua alizoziandika na skripti alizozitunga yeye, haki yake huja kwa warithi. Lakini barua alizoandikiwa na watu, karatasi yake ni yenu, maneno yake bado ni ya walioziandika au warithi wao. Mwaweza kuzihifadhi, mwaweza kumwonyesha mtafiti. Kuzichapisha ni lazima muombe. Na mchezo uliotungwa na mtu mwingine, mjomba wako akauongoza tu, haukuwa wake kwa sababu ya kuuongoza. Zake ni alama alizozitia pembeni.

Filamu ina hesabu yake: miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa watu mara ya kwanza au ilipochapishwa, na tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo ndiyo hushikwa. Mwenye haki aweza kuwa aliyetoa fedha, wala si mwongozaji. Kwa hivyo mikataba, hata ile ya nusu ukurasa iliyoandikwa kwa mkono, iwekeni pahali mnapopajua.

HATUA YA TATU: KAUSHA, NA CHAGUA MSIMU

Ukiweza kuchagua, fungua masanduku kipindi cha kaskazi, Januari hadi Machi, mvua zikiwa hakuna. Ukifungua mwezi wa Mei, masika yakiwa kilele, unaialika koga, yaani ukungu, ndani. Koga huamka karatasi zinapokaa kwenye hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 hivi, na hapa kwetu hewa hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Hatuwezi kuibadilisha bahari. Tunaloweza ni kuzuia hewa isitulie, kwa maana koga hupenda pembe iliyofungwa kuliko chumba chenye upepo.

Nyumba zetu za mawe zina mambo yake. Ghorofa ya chini hufyonza unyevu wa ardhi, na ukuta wa matumbawe hutoa chumvi na vumbi la chokaa. Ghorofa ya juu kabisa chini ya makuti ni joto, na makuti yakichoka huvuja. Pahali pazuri ni ghorofa ya kati, chumba cha ndani kisichopigwa na jua. Zidaka, zile rafu zilizo ndani ya ukuta, zinavutia, na nimeona watu wakizipanga karatasi humo kama vile zamani vilivyopangwa vyombo vya kaure. Msifanye hivyo: karatasi iliyoegemea ukuta huo huloa mgongo bila nyinyi kujua. Rafu ikae mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na chombo cha chini kabisa kiinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Nunueni kipimaunyevu kidogo, mkisome asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla ya kuamua chumba. Feni ndogo inayozunguka polepole masaa yote inafaa zaidi kuliko kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana, kwa sababu kupanda na kushuka huko ndiko kunakoivuta karatasi na kuipasua.

Karatasi yenye koga usiifute kwa kitambaa chenye maji. Vaa barakoa, itoe karatasi kivulini penye upepo, iache ikauke mpaka koga igeuke unga, ndipo uipanguse kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukielekeza vumbi mbali nawe na mbali na wenzako. Juani usiweke. Jua la saa sita la Lamu huila wino wa kalamu ya biro mbele ya macho yako. Karatasi iliyolowa kabisa, kwa mvua au bomba, una siku mbili tu kabla ya koga. Zitandaze juu ya mkeka uliofunikwa kwa karatasi nyeupe, feni ipulize juu yake bila kuzipeperusha.

Wadudu ni watu wa nyumbani: mchwa, mende, nondo, na wale wadogo wa rangi ya fedha wenye nyuzi tatu mkiani wanaopenda gundi ya magamba ya vitabu. Najua wazee huweka majani ya mwarobaini. Majani mabichi huleta unyevu, na makavu hupukutika ndani ya kurasa, basi yawekeni nje ya sanduku, si ndani. Nafthalini msiitumie, ni mbaya kwa picha na filamu na ni mbaya kwa mapafu yenu.

Dawa iliyo bora ni friza, na kisiwa cha wavuvi hakikosi friza. Tia karatasi kavu katika mfuko wa plastiki, toa hewa, funga; utie katika mfuko wa pili ufunge tena, ili harufu ya samaki isiingie. Ziweke wiki mbili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri au zaidi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukizitoa, usifungue mifuko mpaka siku nzima ipite, maji yatakayojitokeza yabaki nje ya plastiki. Kanda za kaseti, kanda za video na negativu za vioo zisiingie friza kabisa.

HATUA YA NNE: SOMA KABLA YA KUAMUA

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na hapa ndipo watu huharakisha. Asiyejua kazi ya uongozaji atadhani skripti safi iliyopigwa chapa ndiyo ya maana, na ile iliyochakaa, yenye madoa ya kahawa na mishale ya penseli, ni ya kutupwa. Ni kinyume chake. Skripti safi huenda ipo kwa watu kumi. Ile chafu iko moja duniani.

Nakala hiyo ya kuongozea ndiyo kila kitu. Pembeni mwa kila ukurasa utaona herufi na mishale: mwigizaji anavuka, anakaa, anageuka. Utaona namba zinazoambatana na taa na ngoma. Utaona mistari iliyofutwa na kuandikwa tena mara tatu. Mjomba alitumia penseli nyekundu kwa yaliyobadilika katika mazoezi, ya buluu kwa yaliyobadilika baada ya onyesho la kwanza. Nilijua hilo kwa bahati, kutoka kwa mwigizaji wake mmoja ambaye leo anauza samaki sokoni. Basi tengeneza ufunguo wa alama: ukurasa mmoja wenye kila alama na maana yake, ukiuliza waigizaji waliobaki wakiwa hai. Waulize sasa.

Vingine vya kutafuta: michoro ya jukwaa, orodha ya maleba na nani aliazimwa kanzu ya nani, ratiba za mazoezi, orodha za waigizaji zenye majina yaliyokatwa, matangazo, tiketi, vipande vya magazeti. Kwa filamu: skripti ya kupigia picha, michoro ya matukio iliyochorwa mmoja mmoja kama katuni, ratiba ya siku, daftari la kumbukumbu za mwendelezo, lile linaloandika mkono gani ulishika kikombe. Na vibali. Nchini Kenya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliwataka watu kupata leseni, na barua za kuomba, kukataliwa na kukubaliwa husimulia historia ambayo haikuandikwa popote pengine. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulioonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, uliondolewa leseni mwaka 1977. Maonyesho mengi madogo yaliyopata masaibu kama hayo hayajulikani kwa sababu karatasi zake zilitupwa.

Kwetu Lamu kuna jingine. Wazee wengi wa rika lake waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mjomba alipokuwa na haraka aliandika hivyo, kutoka kulia, katikati ya ukurasa uliopigwa chapa kutoka kushoto. Kijana anayepita haraka hudhani ni dua, akaziweka na vitabu vya dini. Mtafute anayezisoma. Na mnaponakili, msisahihishe Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu. Akiandika "nti" kwa maana ya nchi, iacheni "nti". Akiandika "yuu" kwa maana ya juu, iacheni "yuu". Mwigizaji wake alitamka hivyo jukwaani.

Mkiona uzito wa kazi mkakata tamaa, angalieni wengine walivyofanya. Ingmar Bergman wa Uswidi, aliyeongoza jukwaani na katika filamu maisha yake yote, alitoa karatasi zake mwaka 2002: madaftari, rasimu, barua. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Za Elia Kazan, aliyefanya kazi pande zote mbili vilevile, ziko Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani. Za Ousmane Sembène wa Senegal ziko Maktaba ya Lilly, Chuo Kikuu cha Indiana, na zimetunzwa vizuri. Lakini mwanafunzi wa Dakar anayetaka kushika mwandiko wa mzee wake huvuka Atlantiki. Hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike mwongozo huu kwa lugha hii.

HATUA YA TANO: VYUMA NJE, KARATASI NDANI

Klipu, pini na chuma cha stepla hushika kutu upesi hapa, na kutu hutoboa karatasi. Vitoe vyote, lakini usivute. Kunjua miguu ya chuma kwa kisu butu chembamba, kisha ukitoe kwa upande wa pili. Kurasa zilizokuwa pamoja zizungushie karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili, zibaki pamoja. Mpira wa kufungia ukiwa umeyeyuka na kuganda, usiubandue kwa nguvu. Selotepu ya kale iache ilivyo, ni kazi ya fundi.

Andika kwa penseli laini tu, nyuma ya ukurasa, pembe ya juu. Kalamu ya wino isiingie chumbani.

Maboksi maalumu yasiyo na asidi hayapatikani madukani mtaa wa Langoni hapa Lamu. Tumia katoni safi za karatasi za A4, uzitandike karatasi nyeupe ndani. Karatasi nyingi za A4 za siku hizi hazina asidi. Sanduku la plastiki linafaa ikiwa chini lina alama ya namba 5, na kifuniko kisibane kabisa. Masanduku ya bati yenyewe ni mazuri dhidi ya panya, ila hutoa jasho ndani. Ukiyatumia, yafungue kila wiki na usijaze hadi juu. Vipande vya magazeti vitenge katika bahasha zao, kwa kuwa karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kuichafua jirani yake, uvitoe nakala. Risiti na karatasi za faksi zinazong'aa hufifia zenyewe hata gizani, kwa hivyo zitoe nakala leo, kabla ya karatasi nyingine zote.

HATUA YA SITA: KANDA NA FILAMU ZISUBIRI

Kaseti na kanda za video ziweke wima kama vitabu, zikiwa zimerudishwa mwanzo, na kile kijipande cha plastiki kinachozuia kurekodi juu yake kivunje. Ukiona unga mweupe ndani ya dirisha la kanda, usiitie katika mashine hata kwa dakika moja. Utaichafua mashine nayo itaichafua kanda inayofuata.

Filamu za milimita 8 na 16 fungua kopo lake ulinuse. Harufu ya siki ina maana plastiki yake inaoza, na ugonjwa huo huambukiza kwa mvuke. Itenge, iweke pahali pa baridi na pakavu zaidi ulipo napo, kifuniko kisibane, na iwe ya kwanza kati ya filamu zenu kupelekwa kunakiliwa. Usiitie katika projekta ya nyumbani ili uone kilichomo. Filamu iliyokakamaa hukatika meno yote ya pembeni kwa mzunguko mmoja.

Kama fedha zenu zinatosha kunakilisha aina moja tu, anzeni na kanda za sumaku, yaani kaseti na kanda za video. Mashine za kuzichezea zinaisha madukani na mafundi wake wanazeeka. Karatasi itakungoja, kanda haikungoji.

HATUA YA SABA: NAKALA ZA KIDIJITALI

Karatasi za kupigwa chapa zitoe kwa skana kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na kila kitu kwa rangi, hata kinachoonekana cheupe na cheusi. Ningelitumia skana ya rangi mbili, penseli nyekundu na ya buluu ya mjomba zingekuwa kitu kimoja. Hifadhi asili katika faili za aina ya TIFF, na za kutumiana katika PDF au JPEG. Bila skana, simu inafaa: karatasi mezani karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, penye mwanga wa kivuli, simu imefungwa juu ikitazama chini, flashi imezimwa. Piga na jalada, na nyuma ya kila picha, na ukurasa ulio tupu ikiwa umo katikati.

Jina la kila faili lifuate namba za vyombo: S2_F07_001 ni sanduku la pili, folda ya saba, ukurasa wa kwanza. Msiandike "skripti mpya ya mwisho kabisa". Nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya kisiwa, kwa jamaa Mombasa au Nairobi. Moto wa makuti hauulizi.

HATUA YA NANE: DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini hakuna msemo unaoiweka kazi hii vizuri zaidi.

Baraza la Kimataifa la Nyaraka lina kiwango kiitwacho ISAD(G), na katika urefu wake wote mambo ya lazima ni sita: namba, anwani (yaani jina la kinachoelezwa), aliyezitengeneza, tarehe, wingi, na ngazi, yaani kama unaeleza mkusanyo mzima, sehemu yake, folda au karatasi moja. Kwa familia, eleza hadi folda. Usijaribu karatasi moja moja, utachoka kabla ya sanduku la kwanza kwisha. Ingizo langu moja ni hili:

S2_F07. Mazoezi ya mchezo wa harusi, daftari na karatasi zilizochomekwa. Mwandiko wa mjomba. Kurasa 4 ni hati za Kiarabu. Hakuna tarehe, lakini risiti ya nauli ya dau iliyomo ni ya Agosti 1983. Kurasa 62, picha 1. Penseli nyekundu na buluu. Kona ya chini imeliwa na wadudu.

Angalia hiyo tarehe. Daftari halikuwa na mwaka, risiti ya nauli ndiyo iliyoutoa. Ndiyo sababu sitaki mtu atupe risiti.

Kutakuwa na barua za siri, za ndoa za watu, za madeni, za ugonjwa. Usizichome, na usizitie katika skana ya pamoja. Zitie katika bahasha iliyofungwa, uandike juu yake nani anaruhusiwa kuifungua na mwaka gani. Sitara ya watu ni sehemu ya amana.

HATUA YA TISA: ZIKAE WAPI

Zaweza kubaki nyumbani ikiwa yupo mtu mmoja mwenye jina, si "familia", wa kuzikagua kila baada ya masika. Pwani yetu ina mfano wa kale pia: vitabu vingi vya mkono viliwekwa wakfu, na maneno ya wakfu yakaandikwa ukurasa wa kwanza, visiuzwe wala visirithiwe. Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu imedumu mikononi mwa watu wa hapa, na imenakiliwa kidijitali kwa msaada wa mradi wa British Library bila ya kuhama. Nakala ikasafiri, asili ikabaki. Sioni kwa nini karatasi za mtu wa jukwaa zisifanyiwe hivyo, na warithi wakikubaliana, muulizeni mwanachuoni awaandikie.

Mkiona ni heri zitoke, kuna Makavazi ya Taifa, Nairobi, yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, ambayo yana pia vitabu na karatasi za Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Kuna maktaba za vyuo vikuu, na kuna Makumbusho hapahapa. Popote mtakapokwenda, ulizeni haya mkiwa mmekaa, wala si kwa simu: Je, zitakaa pamoja au zitatawanywa kwa aina? Nani ataruhusiwa kuzisoma? Mtoto wa Lamu akitaka kuziona atalipa? Mtatupa nakala za kidijitali zote? Mkiamua hamzitaki tena, zitarudi kwetu? Taasisi iliyo tayari itakuwa na majibu yaliyoandikwa.

Kisha amueni ni kukabidhi kwa amana au kutoa kabisa, kwa maana ni mambo mawili. Kwa amana, mali inabaki yenu na mwaweza kuidai. Kwa kutoa, imetoka. Na haki ya maneno ielezwe kwa kifungu chake, kwa kuwa kutoa karatasi hakutoi hakimiliki mpaka muandike hivyo.

Siku ya kukabidhi nendeni wawili, na daftari lenu mkononi. Kila katoni ihesabiwe mbele yenu, folda kwa folda, hata kama boti ya jioni itawaacha. Anayepokea atie saini na muhuri kila ukurasa wa orodha, nakala moja abaki nayo, ya pili irudi Lamu.